Riwaya Niliyoigawa Matangani

Nimechoka kuambiwa nisikate tamaa. Ameniambia padri, ameniambia mkuu wa shule, ameniambia wifi yangu, na ameniambia mwanamume mmoja anayeuza mihogo pale senta ya Mukuju ambaye hajui hata ninaandika nini. Najua wana nia njema. Lakini mtu akiambiwa neno hilo kwa zaidi ya miaka kumi huanza kushuku kwamba wenzake wanaona ameshakata tamaa zamani, na sasa wanamsitiri tu. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Sawa. Mimi mbivu nyingi nimeziona zikiliwa na popo.

Niseme basi ilivyokuwa, ili mtu asidhani nalalamika bure.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo, mwenye magoti mabovu. Nilizaliwa kwa Wasamia upande wa Kenya, karibu na mpaka wa Busia, nikasomea huko, kisha nikaolewa huku Tororo, Uganda. Kwa hiyo Kiswahili changu huku wanakiona cha vitabuni, na nikienda kwetu wananicheka kwamba kimeingia maji. Kwa Kiswahili hichohicho niliandika riwaya moja. Ilinichukua miaka sita ya likizo na Jumapili. Inahusu mwanamke mpishi aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Nchi mbili zinagombana, mpaka unafungwa, na mama yake anafariki upande wa pili. Anatakiwa afike kabla mama hajafukiwa. Hadithi yenyewe ni hiyo tu: atafika au hatafika. Wakati ule sikuwa nimewahi kuuona mpaka wetu ukifungwa. Nilibuni, na nikajiona hodari wa kubuni.

Niliandika kwa mkono, nikapeleka kwa mpiga chapa mjini Tororo, akanitolea nakala mbili. Moja niliituma kwa wachapishaji wa Nairobi. Walinijibu baada ya mwaka mzima, kwa adabu, kwamba lugha ni safi lakini maisha yaliyomo ni ya Uganda, na huenda wachapishaji wa Kampala wangeifurahia zaidi. Nikawaandikia wa Kampala. Hao walijibu upesi: Kiswahili hapa kina wasomaji gani, mama? Jaribu Nairobi. Nimeishi mpakani maisha yangu yote, nimeyaona malori yaliyokwama katikati, huku yamegongewa muhuri wa kutoka na kule yamenyimwa wa kuingia, dereva siku ya nne anachemsha chai chini ya trela. Siku ile niliwaelewa madereva.

Nakala ya Nairobi haikurudi. Mpiga chapa alifunga duka akahamia mji mwingine na kompyuta yake. Madaftari niliyoandika kwa mkono yaliliwa na mchwa wa Mukuju, ambao hawachagui lugha. Ikabaki nakala moja, kurasa mia moja themanini na tatu. Niliitia kwenye droo ya meza chumbani, uso chini mgongo juu, maana sikutaka kila nikitafuta sindano nikutane na jina langu.

Huku kwetu mtu hazikwi kimya. Kabla ya mahubiri husimama mtu na karatasi, akasoma historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma hadi darasa gani, alioa au aliolewa na nani, alifanya kazi gani, aliugua vipi, amewaacha kina nani. Na kwa watu wa mpakani jambo hilo lina mkia. Wakwe wametoka ng'ambo, huyu anasema Ateso, yule Dhopadhola, wale Lusamia, na lugha inayowakusanya wote chini ya turubai ni Kiswahili. Ndipo wakanikumbuka. Niliandika ya jirani mmoja, ikapendwa. Wazee waliitikia kwa vichwa, na mkwe mmoja aliyekuja kwa ajili ya chakula tu akajikuta analia. Tangu hapo Ijumaa zangu zikaisha, maana mazishi mengi ni Jumamosi. Mtu anakuja na baiskeli, anaiegemeza kwenye ukuta wa darasa, anavua kofia. "Madam, sisi tumepata shida. Tunaomba wewe utuandikie."

Naandika. Siwezi kukataa, aliyefiwa hanyimwi. Lakini kadiri siku zilivyokwenda niliandika kama mtu anayefulia watu nguo: unasugua kola, unasugua kwapa, unaanika, unachukua nyingine. Nilikuwa na sentensi zangu tayari. Kulikuwa na za mzee, za mama, za kijana aliyetutoka mapema. Nilibadilisha majina na vijiji. Watu wakashukuru, wakaanza kuniita mwandishi, na kila waliponiita hivyo nilitamani kwenda kulala.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga dunia, na mpaka ukafungwa kwelikweli. Shule zikafungwa, maduka ya karatasi na kalamu yakafungwa, bodaboda zikakatazwa kubeba abiria. Alasiri moja alikuja mwanamume kwa baiskeli kutoka Merikit, barakoa imemning'inia kidevuni. Dada yake alikuwa ameolewa Busia ya Kenya. Alirudi nyumbani kumwuguza mama yao, mpaka ukafungwa akiwa huku, akaugua yeye mwenyewe. Mama alipona, binti akafa.

Maiti haikuruhusiwa kuvuka. Kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Kumzika kwao ni aibu kwa pande zote mbili, ni kama kusema alirudishwa. Lakini wangefanyaje? Walikuwa wazike kesho yake, watu wachache, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake. Yule kaka alitaka historia kwa Kiswahili, ili baadaye karatasi ipelekwe ng'ambo kwa mume na ukoo wake.

Ndani ya nyumba hapakuwa na karatasi hata moja. Nilifungua droo. Mgongo wa riwaya yangu ulikuwa mweupe, safi, hauna kazi. Nikachukua kurasa tatu za juu. Kwa kuwa mswada ulikuwa umelala kifudifudi, kurasa za juu zilikuwa ndizo za mwisho wa hadithi, na nilijua hivyo. Nilisema moyoni, haya, na zipate kazi basi. Nilikuwa na hasira, na wakati ule hata hasira haikuwa na pa kwenda. Yule kaka alingoja nje kwa heshima huku naandika.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Maduka yalifunguliwa, karatasi zikawapo, mimi bado nilifungua droo ile. Kila msiba kurasa mbili, tatu, nikitoka mwisho kuelekea mwanzo. Siku moja mume wangu alinikuta nazigeuza. Akauliza, "Unajua unachofanya?" Nikamwambia najua. Akasema haya, akatoka kwenda kufunga ng'ombe. Yeye katika maisha yake hajawahi kuniambia nisikate tamaa, na kwa hilo namshukuru kuliko anavyofikiri.

Mwaka huu, nikiwa nasahihisha hesabu za darasa la nne, uliingia ujumbe kwenye simu. Mwenzangu wa chuo cha ualimu, ambaye zamani nilimpigia picha sura mbili za mwanzo ili azisome, alikuwa amempelekea picha hizo mhariri mmoja wa kampuni changa ya vitabu. Mhariri aliandika kwamba amezisoma kwa mkupuo mmoja. Alikuwa na nafasi ya kitabu kimoja. Alitaka mswada wote kabla ya mwezi kuisha, na akaongeza kwamba anautaka mwisho hasa, ajue kama yule mpishi atafika.

Nilirudi nyumbani nikahesabu zilizobaki. Hamsini na nne. Nyingine zote zilikuwa kwenye nyumba za waliokufa.

Kesho yake nilicheka peke yangu katika chumba cha walimu mpaka mwalimu wa darasa la tano akauliza kama nimepata habari mbaya. Nikamweleza. "Usikate tamaa, madam," akasema.

Nikaanza kuzunguka. Kila siku baada ya kengele ya mwisho, na Jumamosi na Jumapili, kwa miguu na kwa bodaboda, Mukuju, Osukuru, Merikit, na vijiji ambavyo sikumbuki nilifikaje. Sikutaka kuchukua karatasi ya mtu. Nilitaka kugeuza tu na kupiga picha mgongo wake. Nilidhani ni kazi ya dakika tano kila nyumba. Hapo ndipo nilipojidanganya, mimi niliyekulia huku.

Huwezi kuingia katika nyumba ya mtu aliyefiwa, hata kama ni miaka mitatu imepita, ukaomba karatasi ya marehemu ukatoka. Unaketishwa. Unaulizwa habari za nyumbani. Unaletewa maji ya kunawa, kisha ugali wa ulezi na mchuzi wa karanga, na usipokula umetukana. Kisha anatajwa marehemu, na mjane anaanza kulia upya, kwa sababu aliyeandika historia amerudi, na kwa nini arudi kama si kulia pamoja naye? Nilikwenda kutafuta riwaya, nikawa naanzisha matanga nyumba baada ya nyumba. Nilirudi nyumbani jioni macho yamevimba kwa vilio vya watu wengine.

Mama mmoja wa Mukuju aliitoa karatasi kwenye sanduku la bati, pamoja na hati ya shamba na picha ya harusi. Alipoona nimenyoosha mkono aliirudisha kifuani. "Madam, hii siwezi kukupa. Hii sasa ndiyo mzee mwenyewe."

"Siichukui, mama. Nataka nyuma tu."

Akaishika mwenyewe nikipiga picha. Kidole gumba chake kimo katika kila picha ya nyumba ile, chini upande wa kushoto, kimefunika maneno mawili matatu.

Osukuru niliwakuta wanaume wa ukoo wamezunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, na mirija yao mirefu. Mtoto mkubwa wa marehemu alileta karatasi bila kuombwa mara ya pili. "Sisi tulisoma hii ya nyuma pia," akasema. "Tulifikiri ni maisha ya mzee imebaki. Tulipigana kelele hapa! Mjomba anasema mzee hajapika hata siku moja, sasa hii kupikia madereva pale mpakani alipika lini?"

Wote wakacheka, nami nikacheka, na mjomba akanishika mkono kuniuliza kwa sauti ya chini kama kweli mzee hakuwa na nyumba nyingine Busia. Nikamhakikishia hakuwa nayo. Sidhani aliniamini.

Nyumba nyingine karatasi ilikuwa jalada la daftari la mtoto. Nyingine panya walikula nusu. Nilipiga picha nusu. Usiku ule nilipozikagua picha zangu, maana nilikuwa napiga pande zote mbili nisije nikachanganya karatasi za watu, nilifanya jambo ambalo sikulitarajia: nilianza kusoma upande wa mbele. Wanaume watatu wa Mukuju walikuwa "taa ya familia." Akina mama wanne waliondoka "kama walivyoishi, kwa utulivu," na mmoja wao nilimjua vizuri, alikuwa mgomvi aliyemfuata mtu na mwiko hadi barabarani, na watu walimpenda kwa hilo. Mimi nilimlaza kwa utulivu. Niliona haya. Ningekuwa mhariri ningezirudisha zote.

Kufikia wiki ya tatu nilikuwa na karibu kila kitu, isipokuwa zile kurasa tatu za mwisho. Nilijaribu kuziandika upya kwa kukumbuka. Nilikaa nazo jioni nzima ya Jumatano. Yakaja maneno yaleyale yaliyoiva, alifika, akapiga magoti, akalia kwa utulivu. Nikajua ugonjwa ninao. Ukifulia watu nguo miaka mingi hujui tena kuvaa ya kwako. Nilichana, nikaenda Merikit.

Yule kaka wa baiskeli alinikumbuka. Karatasi, alisema, ilipelekwa kwa mume zamani, kupitia njia za panya, mpaka ukiwa bado umefungwa. Akanielekeza. Jumamosi nikavuka Busia, siku nne kabla ya mwezi kuisha.

Mume alikuwa fundi seremala, mzee sasa, kidole cha shahada kimekatika kwenye kiungo. Anakaa nje kidogo ya mji, njia ya kuelekea ziwani, uani kumejaa maranda. Nilimwamkia nikamwambia mimi ni nani. "Ndimi niliyeandika historia ya mke wako, baba." "Ni wewe," akasema, akakipangusa kiti kwa mkono wa shati akanikaribisha ndani.

Karatasi ilikuwa ukutani. Alikuwa ameitengenezea fremu ya mvule, kurasa tatu ubavu kwa ubavu, nyuma ya kioo. Mwandiko wangu wa kalamu ya buluu, wa mtu mwenye haraka. Nilisogea karibu nisome, na katika ukurasa wa pili nikakuta sentensi hii: "Amefariki mikononi mwa mume wake mpendwa, ambaye hakuondoka kando yake, na ambaye leo amesimama hapa mbele yetu."

Ilikuwa sentensi yangu ya akina mama. Niliiandika kama nilivyozoea. Niliiandika wakati nimeambiwa kwa kinywa kwamba mume yuko ng'ambo, kwamba mpaka umefungwa, na kwamba karatasi yenyewe inaandikwa kwa sababu mume hayupo. Sikuweza kugeuka kumtazama.

"Shemeji yangu aliniambia alipofika hapo alitaka kuruka," mzee akasema nyuma yangu. "Akaogopa kuruka neno la mwalimu. Akasoma. Watu wakatazamana."

"Baba, nisamehe. Nilikuwa nimechoka. Sikufikiri."

"Nilikasirika," akasema. "Ilipoletwa nilitaka kuitia jikoni. Mwezi mzima niliikasirikia. Kisha nikaona naisoma hapo tu, hapo peke yake, kila asubuhi kabla ya kazi." Akavuta kiti kingine akaketi. "Mwanangu, watu wote wa ukoo huu wameniuliza kwa nini sikumzika mke wangu. Mpaka leo wananiuliza, nikienda kwenye harusi wananiuliza. Karatasi hii ndiyo haijaniuliza. Hapa nilifika."

Nikamweleza basi kilichonileta, maana nisingekieleza ningelia: riwaya, mhariri, mwezi unaisha, na kwamba kurasa tatu za mwisho ziko nyuma ya zile. Alisikiliza kama fundi anayeelezwa kabati. Kisha akainuka, akateremsha fremu, akaigeuza. Alikuwa amezibandika zile karatasi kwenye ubao kwa gundi ya mbao, zote, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwisho wa riwaya yangu ulikuwa umegandamana na ubao.

Akatoka, akarudi na karai la maji na patasi. "Gundi hii ukiilowesha inaachia," akasema. "Wino wa kalamu nao huenda ukaondoka. Huo wa mashine utabaki." Alisema hivyo tu, akapiga magoti akaanza kung'oa misumari midogo ya fremu.

Nisiseme uongo. Nilimwacha ang'oe msumari wa kwanza, na wa pili. Nilitaka kurasa zangu. Nilikuwa nimezunguka wiki tatu, magoti yangu yalikuwa moto, na kitabu nilichongojea tangu ujana kilikuwa chini ya kioo, upana wa kidole kutoka kwangu. Aliposhika wa tatu ndipo niliposhika mkono wake.

"Acha, baba."

"Na kitabu?"

"Nitaandika mwisho mwingine."

Akabaki amepiga magoti, patasi mkononi. "Ulikuwa umeandika nini?"

"Kwamba alifika. Alivuka mto alfajiri, akakuta ndiyo kwanza wanashusha jeneza."

Akafikiri, halafu akatikisa kichwa, bila ubaya, kama anavyokitikisa akiona kiungo cha mbao hakikukaa. "Hakufika huyo," akasema. "Mpaka ukifungwa umefungwa."

"Sasa asiyefika anafanya nini?" Sikuuliza kama mwandishi. Niliuliza kwa sababu sikujua, na nilikuwa mbele ya mtu anayejua.

Alikaa sakafuni kabisa, akaniambia. Siku ile aliambiwa kwa simu kwamba wanazika saa nane mchana. Aliamka, akaoga, akapiga pasi ya makaa koti alilovaa siku ya harusi yake. Akang'arisha viatu, akafunga tai. Majirani walipomwona wakauliza anakwenda wapi, akasema mazishini, wakadhani amechanganyikiwa. Akatoa kiti uani akakielekeza upande wa Merikit, akaketi. Saa nane akasimama, kama watu wanavyosimama kwa sala. Alisimama mpaka alipokadiria kwamba padri amemaliza na vijana wamefukia. Akainama, akachukua udongo wa ua wake mwenyewe, wenye maranda, akautupa mbele yake chini. Kisha akavua koti akaenda kupiga randa mlango wa mtu, kwa sababu alikuwa ameahidi kuupeleka Jumatatu.

Nilimwuliza kama naweza kuandika hayo. Alikuwa ameanza kurudisha misumari, akiigonga kwa upande wa patasi.

"Andika. Huko kwenye kitabu sema ukweli wote," akasema. "Lakini hii yangu usiiguse. Hapa niache nimefika."

Akaitundika fremu mahali pake. Aliponisindikiza njiani aliniambia jambo ambalo sijawahi kuambiwa na mtu mwingine. Wengine wote wamekuwa wakiniahidi kwamba kitabu kitatoka, kana kwamba wao ndio wenye mitambo. Yeye alisema, "Kikitoka, niletee. Kisipotoka, njoo unisomee."

Niliandika mwisho mpya Jumapili na Jumatatu. Ulitoka kurasa tano, hauna utulivu wowote. Nilituma mswada wote jioni ya siku ya mwisho, kwa picha na kwa chapa, na kidole gumba cha mama wa Mukuju kikiwa bado mle ndani. Mhariri aliandika neno moja, umepokelewa. Hiyo ni miezi mitano sasa. Sijui kama ataukubali, na nimechoka kiasi kwamba simu ikilia sikimbii tena. Historia za marehemu bado naandika, ila sasa huwauliza wafiwa maswali mengi hadi wananiona msumbufu.

Jumamosi iliyopita nilivuka. Mzee alikuwa ametoa viti viwili uani. Nikafungua sura ya kwanza nikaanza kusoma, sauti yangu ikinishangaza mwenyewe, na sikuwa nimemaliza sentensi ya tatu alipoinua kile kidole kilichokatika.

"Huyo mpishi wako," akasema, "ni wa ukoo gani?"

Nikamwambia sijui, sikuwahi kufikiria.

"Basi jua kwanza," akasema, "halafu uendelee."